Wenye Diploma Tulivyoingia Chama cha Wanafizikia

Nimestaafu. Koti langu jeupe la kazini nimempa jirani anayeninyunyizia kahawa dawa, na limempendeza kuliko lilivyowahi kumpendeza daktari yeyote niliyefanya naye kazi. Kwa hivyo sasa nina nafasi ya kuwaandikia nyinyi vijana mnaopima mionzi katika hospitali za Meru na Embu, maana kila mkinipata Makutano, pale Meru mjini, mnaniuliza jambo lile lile: mzee, hiki chama cha kitaifa cha wanafizikia kinatusaidia nini? Mnauliza mkiwa na kadi zake mfukoni. Hamjui kwamba kadi hizo zilikuwa za watu wa digrii peke yao, na kwamba mimi Gitonga, mwana wa mkulima wa Mikinduri, mwenye diploma moja tu, ndiye niliyeweka mguu mlangoni ukashindwa kufungwa. Sitajifanya mnyenyekevu. Niliyoyafanya niliyafanya, na walioyaona wako hai.

Habari ya vyeo nitaipita. Nilipanda, inatosha. Habari ya mshahara pia nitaipita. Nyumba yangu Mikinduri iko kando ya barabara na kila mtu ana macho.

Nilianza kazi Gaborone. Hapa nyumbani wakati ule, diploma ya fizikia ilikuwa kama leseni ya kuendesha meli kule Isiolo nyikani: watu waliiangalia, wakaisifu, wakanirudishia. Jamaa wa kijiji chetu aliyekuwa akifundisha Botswana akaniambia huko wanatafuta mtu wa kuangalia mashine za eksirei, nikafunga safari. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mma Dineo, yaani Mama Dineo kwa Kitswana, mtu wa makamo kutoka Serowe, mkuu wa vipimo katika hospitali hiyo. Nilitaka aone mara moja kwamba amepata mtu. Nikachukua kipima mionzi, nikaenda moja kwa moja kwenye mashine kubwa, nikaanza kusoma namba kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

Mma Dineo akaninyang'anya kile kifaa taratibu. Akanitoa nje, akanipeleka nyuma ya jengo, penye mchanga mtupu.

"Pima hapa," akasema.

"Hapa hakuna kitu, Mma."

"Basi kipime hicho hakuna kitu. Usipokijua, utajuaje mashine imeongeza nini?"

Nikapima. Sindano ya kifaa ikatikisika kidogo, kwa sababu udongo una mionzi yake, mawe yana yake, na hata mbingu inatunyeshea kidogo kila siku. Huo ndio msingi, na mpimaji asiyeanza na msingi anasoma mambo ya ardhi huku akidhani ni ya mashine. Mama huyo alinifundisha pia kutumia jerikani la maji. Ukitaka kujua mionzi inatawanyika vipi chumbani mgonjwa akipigwa picha, huwezi kumlaza mtu pale ukamlipua mara nyingi kwa ajili ya kujaribu. Unalaza jerikani limejaa maji, kwa sababu mionzi inatawanyika kwenye maji kama inavyotawanyika mwilini. Nimefanya kazi na wagonjwa wa kila aina, na jerikani ndilo lililokuwa tiifu kuliko wote. Halikohoi, halijigeuzi, wala halina shangazi wa kuuliza maswali.

Nilikaa huko miaka mingi, nikajifunza kila kilichokuwepo cha kujifunza. Wenzangu walipoamua kubaki, mimi nikarudi. Watu husema nilikumbuka nyumbani. Ni kweli, lakini si hilo tu. Nilipiga hesabu nikaona kwamba Gaborone nilikuwa mmoja wa wengi, na Meru ningekuwa wa kwanza. Nikarudi na masanduku mawili. Moja la nguo, ambalo lilipotea njiani, na moja la vifaa, ambalo nililipakata safari nzima kama mtoto mgonjwa.

Siku yangu ya kwanza katika hospitali moja ya misheni upande wa Meru, matroni alinipokea mlangoni.

"Wewe ndiye fundi wa stima?"

"Hapana, matroni. Mimi ni mwanafizikia."

"Sawa. Basi anza na ile taa ya korido."

Nikaitengeneza. Sikuona aibu, na taa ile ilidumu kuliko ndoa kadhaa za hospitali hiyo. Kabla ya mwaka kwisha matroni yule yule alikuwa akiniita ofisini kwake, akiniuliza kama kiti chake kiko mahali salama. Nikaanza kuitwa Nkubu, Chuka, Embu, mpaka Siakago kule chini kwenye joto. Katika kona zile za barabara ya Meru na Embu jerikani langu lilibingirika nyuma ya gari, na kila kona lilinikumbusha kwamba sikulifunga vizuri.

Chama cha wanafizikia nilikijua nilipoalikwa kwenye mkutano wake Nairobi, kama mgeni. Sisi wa diploma tuliruhusiwa kuhudhuria. Tulikaa viti vya nyuma, tukasikiliza, tukala chakula cha mchana. Wakati wa kura ulipofika tuliombwa kwa heshima tukaangalie maonyesho ya vifaa nje. Mwaka huo niliuliza swali. Daktari Kirimi, mhadhiri mrefu mwenye sauti ya kanisani, Mmeru mwenzangu lakini wa kule Imenti, akageuka kunitazama.

"Samahani, mzee. Wewe umetoka chuo gani?"

"Nimetoka Mikinduri."

Ukumbi ukacheka. Yeye pia alicheka, na swali langu akalijibu vizuri sana, kwa ukamilifu. Nikamweka akilini kama mtu ambaye siku moja nitamhitaji.

Nilichokipenda kwenye chama hicho ni desturi yake moja. Chama hakina polisi, hakina mahakama, na wakati ule hakikuwa hata na gari. Lakini mwanachama wake akitoa kipimo, kipimo hicho kikabishiwa, chama hutuma wapimaji wawili. Wawili hao hupima kila mmoja peke yake, kwa kifaa chake, bila kuambiana neno mpaka wafike mbele ya watu. Na mmoja wao lazima awe ni mtu aliyekuwa hakubaliani na mwenye kipimo. Wanamchagua makusudi yule mbishi. Nimekaa Botswana, nimepita nchi nyingine njiani, na sijaona chama kingine chenye ujasiri wa kumtuma mpinzani akawe shahidi.

Kasoro ilikuwa moja tu. Desturi hiyo ilikuwa ya wanachama. Sisi wa diploma, ambao ndio tuliokuwa tukipima vyumba vingi zaidi kuanzia Maua mpaka Embu, tukibishiwa hatukuwa na mtu.

Sasa niwaeleze habari ya Igoki, ambaye wengi wenu mnamjua kama mkubwa wenu. Wakati huo alikuwa msichana wa Kanja aliyemaliza diploma juzi. Nilimfundisha mimi, na nilimfundisha vizuri. Akapata kazi katika hospitali moja ya Embu, ambayo sitaitaja kwa sababu leo ni hospitali nzuri. Hospitali ilikuwa imepanua chumba cha eksirei. Ukutani palikuwa na dirisha la zamani, na mafundi wakaliziba kwa matofali mepesi, yale ya ndani matupu, wakapiga plasta ya kawaida na rangi nzuri ya maziwa. Ukuta wa eksirei hautaki uzuri. Unataka plasta ya bariti au bamba la risasi, kitu kizito cha kumeza mionzi. Na nje ya ukuta ule, sawasawa na pale palipokuwa dirisha, palikuwa na benchi walilokaa mama wajawazito wakingoja kliniki.

Igoki akapima. Halafu akanipigia simu.

"Mwalimu, nimefunga chumba."

"Umefunga na nini?"

"Na kufuli ya sanduku langu la shule."

"Ufunguo uko wapi?"

"Uko kwa soksi."

"Usivue kiatu," nikamwambia.

Lakini kufuli ya sanduku si kitu. Msimamizi wa hospitali aliivunja kwa nyundo. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ya watu waliovunjika miguu na mikono, na viongozi waliokuwa wakimpigia simu kila saa. Akawaita watu walioleta mashine wapime upya. Wakaja na kifaa chao, wakapiga picha moja, wakaangalia sindano. Haikusonga. Wakasema ukuta ni mzima.

Hapo, vijana, ndipo penye utaalamu. Picha ya eksirei inapigwa upesi kuliko kupepesa jicho. Sindano ya kipima mionzi ni kama mtu anayeitwa akiwa amelala: kabla hajaamka, aliyemwita amekwisha ondoka. Ukiitazama ikipigwa picha moja utadhani hakuna kilichopita. Lazima ukiweke kifaa kwenye hali ya kujumlisha, ulaze jerikani mezani, upige picha mara kadhaa, ndipo usome jumla. Igoki alifanya hivyo. Wale hawakufanya.

Msimamizi akamsimamisha kazi kwa kuzua hofu miongoni mwa wagonjwa, akamwambia atafika mbele ya kamati ya nidhamu. Na akamwambia neno ambalo Igoki alinisimulia akilia kwa hasira:

"Wewe ni diploma. Ukitaka kubishana na ukuta, rudi shule kwanza."

Wakaguzi wa serikali walikuwa wameshaarifiwa, lakini walikuwa na zamu zao katika kaunti nyingi, na kamati haikukusudia kuwangoja. Kama Igoki angefukuzwa, hakuna hospitali ambayo ingemwajiri tena, na benchi lingebaki pale pale na mama zake.

Nikaenda Runyenjes kwa Profesa Nyaga, mwenyekiti wa chama. Nilimkuta nyumbani akiwakatia ng'ombe majani, suruali ndani ya gambuti. Nikamweleza yote, yeye akiendelea kukata.

"Gitonga," akasema mwishowe, "chama kinatetea wanachama. Huyu msichana si mwanachama. Na wewe pia si mwanachama, ingawa unaongea kama mwenyekiti."

"Basi tufanyeni wanachama."

"Hoja hiyo iko kwenye ajenda tangu nikiwa na nywele. Kila mwaka tukiifikia, watu wamekwisha kwenda nyumbani. Akidi haitimii."

"Mkutano mkuu ni lini?"

"Jumamosi kabla ya hiyo kamati yenu. Na ukumbi wa Nairobi tumenyimwa, sijui hata tutakaa wapi."

"Mtakaa Makutano," nikasema. "Ukumbi ninao. Na chakula kitatoka baada ya kura, si kabla."

Profesa akaacha kukata majani. Akanitazama, akacheka mpaka ng'ombe wakainua vichwa.

Nyinyi mnaodhani kupanga mkutano ni kazi ndogo, jaribuni kuwaleta wanafizikia wa taifa zima Meru. Nilizungumza na mwenye ukumbi, nilizungumza na wachinjaji, nilimtafuta Mama Makena, ambaye mukimo wake, ule wa viazi na mahindi ya kupondwa, ulikuwa ukiwatoa watu Nanyuki. Siku ilipofika, moshi wa nyama ukaingia ukumbini kupitia madirishani, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi akidi ilitimia na hakuna aliyeondoka. Fizikia ni somo la sababu na matokeo, nami niliitumia.

Daktari Kirimi alisimama kupinga, kama nilivyotarajia.

"Chama cha taaluma kina mlango, na mlango una maana yake," akasema. "Leo tunaingiza diploma. Kesho tutaingiza cheti. Kesho kutwa tutamwingiza yeyote aliyewahi kuokota sumaku."

Watu wakacheka, wakanigeukia. Mwenyekiti akanipa ruhusa ya mgeni kusema.

"Daktari," nikasema, "mimi siombi kiti cha profesa. Kiti ninacho nyumbani, na kina mito. Ninaomba kwamba mtu akifunga chumba kwa sababu ya kipimo, awe na wenzake wa kukipima tena."

"Na akiwa amekosea?"

"Mmwambie amekosea. Lakini mumwambie nyinyi mnaojua, asiambiwe na mtu mwenye nyundo."

Kirimi akavuta kiti chake. "Hilo ni neno," akasema, akakaa. Halafu akasimama tena: "Lakini bado napinga."

Igoki naye akaitwa. Alikuja mbele na nguo yake ya kanisani, akashika meza kwa mikono miwili. "Mimi sijasema niko sahihi," akasema. "Nimesema mpime. Mkikuta nimekosea, nitaenda Kanja nikalime na mama. Lakini sitaki kufukuzwa na ukuta ambao hakuna aliyeupima." Akarudi kukaa. Hakuzidisha neno, na nilijivuna kama baba.

Ikaja kura. Ilitakiwa theluthi mbili. Mikono ikainuliwa, ikahesabiwa, ikatosha sawasawa. Mtu akasema kipimo kimoja si kipimo, ihesabiwe tena. Ikahesabiwa tena, ikatoka pungufu kwa mmoja. Ikahesabiwa mara ya tatu, ikatoka pungufu vile vile. Na hapo, kwa sababu hawa ni wanafizikia na wamezoea tangu shule ya upili kwamba jaribio hurudiwa mara tatu, mhadhiri mmoja akasimama akiwa makini kabisa, akasema, "Tuchukue wastani."

Naapa kwamba hakuna aliyecheka. Kalamu zikatoka. Wastani ukatoka watu wazima na theluthi moja ya mtu. Wakaanza kujadiliana kama theluthi hiyo iandikwe au ikadiriwe chini.

Mama Makena alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, anangoja. Akauliza kwa sauti, "Na huyo wa theluthi ni nani, ndio nimpakulie sahani ndogo?"

Ukumbi mzima ukavunjika. Profesa Nyaga alicheka mpaka akavua miwani. Kuchunguza kukaonyesha kwamba kulikuwa na mkono mmoja ulioinuliwa na kushushwa wakati wote wa kuhesabu, na mwenyewe hakuwa akipiga kura. Alikuwa akiomba nafasi ya kuuliza swali kuhusu njia ya kuhesabu.

Mwenyekiti akaamuru watu wasimame. Wanaokubali waende upande wa madirisha, wanaopinga waende upande wa mlango. Nikasimama katikati nikiangalia viatu vikipita. Kirimi akaenda mlangoni, mrefu kama mlingoti, na kundi la haja likamfuata. Madirishani wakajaa wengi, lakini nikihesabu kwa macho niliona tumepungukiwa na mmoja. Na mmoja alikuwa hajasimama. Alikuwa Mwalimu Ciambaka wa Chuka, mama mstaafu aliyewafundisha fizikia nusu ya watu waliokuwa mle ndani, Kirimi akiwemo.

"Mwalimu, uko upande gani?" mwenyekiti akamuuliza.

"Goti linaniuma," akasema. "Kirimi! Hebu njoo."

Daktari Kirimi akaja mbio kama mwanafunzi.

"Beba hiki kiti changu ukiweke dirishani."

"Lakini Mwalimu, mimi niko upande wa—"

"Sijakuuliza uko wapi. Nimekuambia mahali pa kiti."

Akambebea. Akamshika mkono mpaka akakaa, kisha akarudi mlangoni akitikisa kichwa na kucheka peke yake. Hoja ikapita. Mimi niliyekuwa nikitolewa nje kuangalia vifaa nikaingia chama mchana ule, na Igoki pamoja nami, na wote mliokuja baada yetu. Nilikula nyama siku hiyo kama mtu aliyeshinda uchaguzi wa ubunge, na tofauti ni kwamba mimi nilitimiza niliyoahidi.

Kabla watu hawajatawanyika, mwenyekiti akasema kuna mwanachama anayebishiwa kipimo, na desturi inajulikana. Mpimaji wa kwanza atakuwa yeye mwenyewe. Wa pili, mbishi, atakuwa Daktari Kirimi.

Igoki akanishika mkono wa koti. "Mwalimu, si huyo. Haki si huyo."

"Ni huyo," nikamwambia. "Ukishuhudiwa na mimi watasema ni mwalimu wako. Ukishuhudiwa na yule, hakuna atakayepata la kusema."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Ndani sikuwa na hakika. Kirimi angeweza kupima kwa haraka kama wale wa kwanza na kwenda zake, na hakuna kamati ambayo ingemsikiliza Igoki tena.

Siku ya kamati tulifika Embu mapema. Mimi nilikatazwa kuingia chumbani kwa sababu nilimfundisha mshtakiwa, na nikakatazwa kusema. Mimi niliyewahi kukatazwa chakula na daktari nawaambia kukatazwa kusema ni kubaya zaidi. Mama wajawazito walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye benchi wakati wa kupima, tukakaa nao kwenye veranda ya upande wa pili. Mmoja aliona jerikani likipitishwa kwenye kitanda cha magurudumu.

"Mzee, nani huyo wanampeleka eksirei?"

"Ni maji."

"Maji yameumia wapi?"

"Bado hawajajua," nikasema, "ndio maana wanayapiga picha."

Akawaambia wenzake, wakacheka wakishika matumbo. Sikuwaambia zaidi. Sikuwa na ruhusa.

Profesa Nyaga aliingia, akapima, akatoka, akaenda kukaa chini ya veranda bila kututazama. Akaingia Kirimi. Nikamwona akitoka kwanza na kwenda mbali, kwenye nyasi nyuma ya jengo, akasimama peke yake na kifaa chake mkononi. Alikuwa akipima pasipo na kitu. Moyo wangu ukatulia. Halafu akarudi kwenye benchi, akaweka kifaa kwenye kimo cha tumbo la mama aliyekaa, akainua mkono kumpa mpiga picha ishara. Picha ya kwanza. Picha ya pili. Akaendelea kuinua mkono, bila haraka. Akarudia kwa jerikani likiwa limelazwa upande mwingine. Alichukua muda mrefu kuliko mwenyekiti.

Kamati ilikaa katika chumba cha mikutano. Hapo niliruhusiwa kuingia, nikakaa pembeni. Igoki alikuwa ameshaiambia kamati namba yake mwanzoni, na mwenyekiti Nyaga akatoa ya kwake, iliyokaribiana nayo. Msimamizi akaguna. Ikaja zamu ya Kirimi.

"Kabla sijasema namba," akaanza kwa ile sauti ya kanisani, "nataka ijulikane kwamba Jumamosi nilipiga kura huyu dada asiingie chama chetu."

Msimamizi akaegemea kiti, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Sasa namba," Kirimi akasema, akaitaja. "Imetofautiana na ya Igoki kwa kiasi kidogo kuliko kosa ambalo kifaa changu chenyewe kinaweza kufanya. Kwa lugha ya nyumbani, amepata. Mionzi inapita pale palipokuwa dirisha, na inafika kwenye benchi."

"Lakini watu wa mashine walipima," msimamizi akasema. "Sindano haikusonga!"

"Haikupewa nafasi ya kusonga." Akamweleza habari ya sindano na picha moja, polepole, bila kumdharau, mpaka nikaona mtu yule anaelewa na rangi inamtoka usoni. Kirimi akafunga kifaa chake. Kisha akauliza, "Sasa, bwana msimamizi, mwenzangu mmemsimamisha kwa kosa gani?"

"Mwenzako?"

"Mwanachama mwenzangu. Tunataka kujua kosa, ili chama kikajadili."

Msimamizi akalifungua faili lake, akalifunga, nami nikafurahia kuliko nyimbo zote za Krismasi. Mjumbe mmoja wa kamati, nesi mkuu, akasema yeye haoni kosa. Mwingine akasema hata yeye haoni. Msimamizi, na namheshimu kwa hilo, alisimama akampa Igoki mkono, akamwambia arudi kazini siku ile ile, na chumba kifungwe mpaka ukuta urekebishwe. Benchi likahamishwa kabla hatujamaliza chai.

Nje, Igoki alimkimbilia Kirimi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kirimi akasema, "Usinishukuru. Ningekuta umekosea, ningesema vile vile."

"Najua, Daktari," Igoki akasema. "Ndio nashukuru."

Basi mkiniuliza chama kinafanya nini, ndicho hicho. Hakikupi ukweli, huo utautafuta mwenyewe na kifaa chako. Kinakupa watu wanaojua kazi yako, wa kuusimamia au kuukanusha mbele ya mwenye nguvu, na anayekukanusha leo unamjua jina na unajua alivyopima. Mimi nimetumikia katika wapimaji wawili mara nyingi tangu siku hiyo, mara nyingine nikiwa mbishi, na kwa kusema kweli mimi ni mbishi bora kuliko wote waliowahi kutumwa.

Mafundi wakabomoa yale matofali mepesi, wakajenga mazito, wakapiga plasta ya bariti, nene na ya rangi mbaya. Siku ilipokauka niliteremka Embu kushuhudia, ingawa hakuna aliyeniita. Korido ilikuwa imejaa: mtu na mguu uliofungwa, mzee akikohoa, wapiga picha wa eksirei wamevaa aproni zao tayari. Ndani mmoja wao alikuwa akilipiga jerikani picha; Igoki alikuwa upande wa nje ya ukuta na kifaa chake, anapima kimo kwa kimo, kutoka kona hii mpaka ile, bila kumtazama mtu. Msimamizi wa hospitali alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, koti limefungwa vifungo vyote. Hakuuliza. Hakumharakisha. Foleni ikamtazama yeye, yeye akamtazama Igoki. Igoki akamaliza kona ya mwisho, akasoma, akazima kifaa, akageuka.

"Fungueni," akasema.

Msimamizi akaufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.